Pikapu Ikiwa Imeegeshwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuikinga na Wezi

Ushauri mwingi wa kulinda gari umelenga gari dogo la familia: funga milango, pandisha vioo, ondoa begi kwenye siti. Pikapu ina mambo yake. Nyuma iko wazi kwa kila apitaye, tumbo lake liko juu kiasi cha mtu mzima kuingia chini bila jeki, na vitu vingi vilivyofungwa nje vinafunguka kwa spana moja au mbili. Ndiyo maana wenye pikapu wengi hawaibiwi gari zima, wanaibiwa kipande kipande. Mimi mwenyewe nimeibiwa mara mbili, na mara zote mbili milango ilikuwa imefungwa na alamu imewashwa. Nilikuwa nimelinda kabini nikasahau gari lililobaki.

Nina nusu saa tu leo jioni. Nianzie wapi?

Chukua tochi, nenda nyuma ya pikapu yako, chuchumaa. Kila kitu unachokiona jiulize kinatoka kwa nini: kwa mkono mtupu, kwa spana, au mpaka msumeno? Kisha zunguka ubavuni, inama, uangalie tangi la mafuta, egzosi na betri kama iko chini. Malizia kwenye boneti.

Vinavyotoka kwa mkono mtupu ndivyo vya kushughulikia leo leo. Kwa pikapu nyingi ni mlango wa nyuma wa bodi, mfuniko wa tangi na kila ulichokiacha ndani ya bodi. Vinavyotoka kwa spana vitafuata wiki hii. Vinavyohitaji msumeno viache mwisho.

Halafu ondoa ndani ya kabini ufunguo wa pili na kadi halisi ya gari. Mwizi akivikuta vyote kwenye kisanduku cha dashibodi umempa gari na karatasi za kuliuzia. Na usifiche ufunguo kwa sumaku nyuma ya bampa. Hapo ndipo mwizi mzoefu anapopapasa kwanza.

Kwa nini wezi wanaipenda pikapu kuliko magari mengine?

Kwa sababu ni gari la kazi, na gari la kazi halikosi mnunuzi wa vipuri. Toyota Hilux imekuwa ikitengenezwa tangu 1968, na Ford F-Series tangu 1948. Pikapu za namna hiyo zimejaa duniani, na nyingi bado zinatembea zikihitaji taa, milango, tairi na vioo. Kifaa kilichotoka kwako usiku kinaweza kufungwa kwenye gari jingine kabla ya jua kuchwa. Zaidi ya hapo, bodi yenyewe ni ya kubebea: aliyekuja kuiba gari ameondoka pia na jenereta yako, kamba zako na mashine ya kuchomelea.

Niegesheje?

Rudi kinyumenyume mpaka mlango wa nyuma ukaribie ukuta. Hili halina gharama yoyote, na kwangu mimi ndilo namba moja. Bodi ikiwa imebana ukuta, mlango wa nyuma haushuki, haung'oki, na tairi la akiba lililo chini ya bodi halifikiwi kwa urahisi. Acha nafasi isiyopitisha mtu. Ukiweza kubana na ubavu mmoja, chagua ule wenye mfuniko wa tangi.

Kata usukani mpaka mwisho kuelekea ukuta au ukingo wa barabara, chomoa ufunguo, kisha tikisa usukani mpaka usikie umejifunga. Tairi za mbele zilizokatwa hivyo zinampa tabu anayetaka kulivuta gari kwa gari jingine. Vuta breki ya mkono na uweke gia, au P kwa otomatiki.

Kuna jambo moja ambalo wenye pikapu za magurudumu manne wengi hawalitumii. Pikapu ya kawaida inasukumwa na tairi za nyuma tu. Anayekuja na gari la kuvutia akiinua nyuma, tairi za mbele zinaviringika bila kizuizi. Kama yako ina gia ya magurudumu manne unayoiingiza kwa mkono, iingize ukiegesha (na kama habu za mbele ni za kufunga kwa mkono, zifunge). Sasa tairi zote nne zimeshikamana na gia na injini, na hata akiinua upande mmoja, ule ulio chini unagoma. Asubuhi kumbuka kuitoa kabla hujaingia lami kavu, maana inakaza gia na kula tairi.

Mlango wa nyuma wa bodi unaibiwa vipi, na unazuiwaje?

Unaibiwa haraka mno. Kwenye pikapu nyingi mlango huu umeundwa utoke kirahisi, ili mwenye gari aweze kupakia mzigo mrefu. Unafungua kitasa, unachomoa kebo mbili za pembeni, unaupandisha mpaka kwenye mlalo fulani, upande mmoja unateleza kutoka kwenye bawaba yake, kisha unausogeza upande wa pili. Hakuna spana iliyotumika.

Dawa yake ndogo inapatikana duka lolote la vifaa: kibano cha chuma cha kukazia mipira ya maji, kile chenye skrubu. Tafuta bawaba ile ambayo mlango huanza kutokea. Zungusha kibano juu ya mdomo wa bawaba, kaza, halafu geuza kichwa cha skrubu kitazame ndani mahali ambapo bisibisi haifiki mlango ukiwa umefungwa. Mlango utaendelea kufunguka na kujifunga kama kawaida, ila hauteremki kutoka kwenye bawaba. Hakikisha tu kibano hakisuguani na rangi, vinginevyo baada ya miezi michache utaanza kuona kutu.

Kama kitasa kina tundu la ufunguo, litumie. Nimeona pikapu nyingi ambazo tundu hilo limejaa vumbi kwa sababu tangu gari linunuliwe hakuna aliyewahi kutia ufunguo. Pulizia mafuta mepesi, zungusha mara kadhaa, litafanya kazi.

Na tairi la akiba lililoning'inia chini?

Hili ndilo nililoibiwa mara ya kwanza. Asubuhi sikuona chochote kibaya mpaka nilipozunguka nyuma: kebo ya chuma ilikuwa imening'inia mpaka chini, na kile kisahani kinachoshika rimu kimelala kwenye vumbi. Pembeni yake palikuwa na alama mbili za viwiko vya mtu. Alilala pale kwa utulivu, akazungusha kapi, yaani kile kifaa kinachopandisha na kuteremsha tairi kwa kebo, kupitia tundu la juu ya bampa, akateremsha tairi langu taratibu kama fundi.

Kapi hilo halina siri. Fimbo yenye kichwa kinachofanana na cha kwako inatosha, na kwenye baadhi ya magari hata kipande cha nondo kilichopindwa. Njia ya kwanza ni kufuli la kuziba tundu la kupitishia fimbo, linauzwa kwa aina nyingi za pikapu. Njia ya pili, ambayo naiamini zaidi, ni mnyororo mnene kupita kwenye tundu la rimu na kuzunguka chesisi, pamoja na kufuli lililofunikwa lisipate nafasi ya msumeno wala mkasi wa chuma. Vika mnyororo mpira wa baiskeli ili usigonge barabarani.

Mara moja kila miezi michache teremsha tairi mwenyewe na ulipandishe tena, huku ukipaka grisi kwenye kapi. Kufuli lililoshikwa na kutu litakuadhibu wewe siku ya pancha.

Vifaa ninavyovibeba kwenye bodi nivilinde kwa turubai, kanopi au sanduku?

Turubai linazuia mvua na macho, halizuii mkono. Wembe mmoja umemaliza. Faida yake ni kwamba mpita njia hajui kilichopo. Kanopi ni bora zaidi, ingawa kioo chake cha nyuma na vitasa vyake ni vyepesi. Wengi hukosea kwenye namna ilivyofungwa juu ya bodi, kwa klampu nne ambazo ukiingia ndani unazilegeza kwa mkono.

Sanduku la chuma ni zuri likifungwa sawasawa. Bolti zipite sakafu ya bodi mpaka kwenye chuma kinene chini yake, nati ziwe ndani ya sanduku zikiwa na washa pana, na upande wa nje ubaki kichwa cha mviringo kisichoshika spana. Sanduku lililofungwa kwa skrubu kwenye bati la bodi linang'olewa zima zima pamoja na vifaa vyako.

Lakini nitasema wazi: vifaa vya bei vilale ndani ya nyumba. Ninajua uchovu wa kushusha mashine saa moja usiku na kuipakia tena alfajiri. Nimeufanya kwa miaka. Kwa fundi, kupoteza vifaa ni kupoteza kazi ya miezi, na mwenye kazi hatakusubiri. Usichoweza kukishusha, kama mtungi mkubwa au kompresa, kifunge kwa mnyororo kwenye ndoano za bodi, na kwanza uangalie kama ndoano zenyewe zimechomelewa au zimefungwa kwa bolti.

Niliwasha gari asubuhi likanguruma kama trekta. Nini kimetokea?

Pole sana. Kuna uwezekano mkubwa wamekata masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye egzosi. Ndani yake kuna madini ya platini, paladi na rodi, machache lakini yenye thamani kubwa, na hayo ndiyo wanayoyafuata. Pikapu inawavutia kwa sababu ya urefu wake kutoka chini. Mtu analala chali, anakata sehemu mbili kwa msumeno wa betri, na baada ya dakika chache ameshaondoka. Pikapu za dizeli za zamani hazina kifaa hiki, hivyo angalia kwanza kama yako inacho kabla hujatumia pesa.

Kinga yake ni bamba la chuma linalofungwa chini likiziba njia, kwa bolti ambazo kichwa chake hukatika zikishakazwa. Wengine huchomelea nondo au kebo za chuma kutoka kwenye egzosi mpaka chesisi. Kazi hiyo apewe fundi anayejua, kwa sababu egzosi hucheza na kutanuka ikipata moto, na ukiifunga kwa ukakamavu itapasuka kwingine. Chora pia namba ya chesisi kwenye ganda la masega. Haimzuii mwenye msumeno, lakini mnunuzi wa chuma chakavu atakuwa na la kujieleza.

Kufuli la usukani bado lina maana, au ni mambo ya zamani?

Lina maana sana, hasa kwa sababu linaonekana. Mwizi anayechungulia dirishani akiona chuma chekundu kimelala juu ya usukani anajua kuna kazi ya ziada na kelele. Anaweza kuukata usukani wenyewe, maana ndani yake ni chuma chembamba, lakini ataukata akiwa ameketi ndani ya gari la watu huku msumeno unalia.

Lifunge tundu la ufunguo likitazama dashibodi, siyo likikutazama wewe, ili awe na shida ya kulifikia. Kufuli la kukumbatia usukani wote ni imara kuliko fimbo. Kufuli la fimbo ya gia ni zuri kwa pikapu za gia ya mkono, na la kushika pedali ya klachi na breki lina faida yake, ingawa kuliinamia kila siku kunachosha. Lililo bora ni lile utakalolifunga hata siku ya mvua ukiwa umechoka.

Gari langu lina immobilaiza ya kiwandani. Haitoshi?

Inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo. Ukitia ufunguo, kompyuta ya injini inaisoma, na isipoitambua haitoi mafuta, hata waya ziunganishwe vipi. Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa magari mapya ya abiria kuanzia 1998, na utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2016 ulikadiria kwamba ilipunguza wizi wa magari nchini humo kwa takriban asilimia 40.

Ina mianya miwili. Kwanza, pikapu nyingi za zamani hazinayo kabisa, na kwa hizo ufunguo malaya au kuunga waya bado kunatosha. Pili, wezi wenye vifaa hujisajilia ufunguo mpya kupitia soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi, ile ambayo fundi huchomekea kompyuta yake. Kuna makufuli ya kuziba soketi hiyo. Na kwa vyovyote immobilaiza inazuia gari kuwashwa tu. Tairi, betri na mlango wa nyuma haviijui.

Swichi ya siri ni nini, na inafungwaje bila kuharibu gari?

Ni swichi ndogo iliyofichwa, inayokata umeme wa kitu fulani ambacho bila hicho injini haiwaki. Kwa pesa unayotumia, sijui kinga nyingine inayoifikia, mradi ifungwe vizuri.

Chukua pampu ya mafuta ya gari la petroli. Pampu huwashwa na rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, na rilei ina waya mnene unaopitisha umeme wa pampu na waya mwembamba unaoiamuru ijifunge. Swichi iwekwe kwenye ule mwembamba. Umeme wake ni mdogo, swichi haipati moto, waya hauungui. Fundi anayekata waya mnene na kuupitisha kwenye swichi ya taa ya nyumbani anakuachia chanzo cha moto.

Jambo la pili: gari lililokatiwa pampu peke yake linaweza kuwaka kwa sekunde chache kwa mafuta yaliyobaki kwenye bomba, kisha likazima barabarani. Kwa wengine hiyo ni sifa, kwamba mwizi ataliona ni bovu na kulitelekeza. Mimi napendelea swichi ikate na stata, ili gari lisitoke pale lilipo.

Dizeli zina tofauti. Za kisasa zinazoendeshwa na kompyuta zinakatwa kwenye umeme wa kompyuta ya injini. Za zamani zenye pampu ya kimakanika zina vali ndogo ya umeme juu ya pampu, ambayo ikikosa umeme injini inazima. Unaweza kuukata waya wake, lakini mwizi anayezijua dizeli atavuta waya mmoja kutoka betri mpaka kwenye vali hiyo na ataondoka. Kwa hiyo dizeli ya zamani inahitaji pia boneti isiyofunguka kutoka nje.

Ifiche mahali unapopafikia ukiwa umeketi na umefunga mkanda, lakini siyo chini ya usukani, maana huko ndiko kila mtu anakopeleka mkono. Waya uwe na rangi na utepe unaofanana na wa kiwandani, viungio vichomwe risasi. Fundi asiguse waya za njano, kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa, wala chochote cha breki. Ukilipeleka gari kuoshwa au gereji, washa swichi mapema mwenyewe na usimwonyeshe mtu. Siri iliyojulikana na watu watano si siri tena.

Huna fundi leo? Chomoa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta na ulale nayo mfukoni. Mchoro wa fyuzi uko ndani ya mfuniko wake au kwenye kitabu cha gari.

Pikapu yangu inafunguka nikiikaribia tu, bila kubonyeza. Kuna hatari?

Ipo. Wezi wawili wanatosha: mmoja anasimama karibu na mlango wa nyumba yako na kifaa kinachonasa mawimbi ya ufunguo, mwingine yuko kwenye gari na kifaa kinachoyapokea. Gari linadhani uko pale, linafunguka na kuwaka. Hakuna kioo kilichovunjwa wala alamu iliyolia.

Weka ufunguo kwenye mfuko maalumu wa kuzuia mawimbi au kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaokaza, na ule wa akiba pia. Kisha jaribu: ukiwa na ufunguo ndani ya kopo, simama kwenye mlango wa gari na uvute kitasa. Ukifunguka, kopo hilo halifai. Mifuko nayo huchakaa kwenye mikunjo, hivyo rudia jaribio hilo kila baada ya muda. Magari mengine yanaruhusu kuzima kabisa huduma hii, na kama ni hivyo, izime.

Kuna njia nyingine iliyoanza kufahamika zaidi 2023. Mtaalamu wa usalama wa kompyuta, Ian Tabor, aliibiwa Toyota RAV4 yake London 2022, akachunguza namna walivyofanya. Walikuwa wamevunja upande wa taa ya mbele, wakafikia waya za mtandao wa ndani wa gari, na kupitia hapo wakalidanganya kwamba ufunguo upo. Ukikuta bampa imevutwa au taa imelegezwa bila sababu, usidhani ni watoto. Huenda ni jaribio ambalo halijakamilika, na watarudi. Usiku huo gari lisilale pale pale, na kufuli la usukani liwepo.

Traka ya GPS italizuia lisiibiwe?

Haizuii. Inakusaidia kulitafuta. Watu hufunga traka wakaacha mengine yote, na hilo linanisikitisha.

Ukiifunga, ifiche mbali na dashibodi na uhakikishe ina betri yake ya ndani, ili ikikatwa umeme iendelee kutuma na ikujulishe kwamba imekatwa. Traka nyingi zinatumia laini ya simu, na nyingi zimekufa kimyakimya kwa sababu kifurushi kiliisha na hakuna aliyekumbuka. Siku ya kwanza ya kila mwezi fungua programu uangalie gari lako linaonekana wapi. Wezi wengine hubeba vifaa vya kuziba mawimbi, hivyo kimya cha ghafla kwenye ramani nacho ni taarifa.

Vidude vidogo vya kutafutia funguo, kama AirTag, vinaweza kuwa traka ya pili. Vinategemea simu za watu walio karibu, na vinaweza kumjulisha mwizi kwenye simu yake kwamba anafuatiliwa. Usivitegemee peke yake.

Alamu je?

Alamu inayolia kila paka akipita imeshawazoesha majirani kutoamka. Rekebisha usikivu wake, na kama unanunua mpya chagua inayopiga simu yako na yenye kihisi cha kuinuliwa kwa gari, kwa sababu wa masega na wa tairi hawagusi mlango.

Betri, kompyuta ya injini, mafuta, tairi na vioo?

Betri: badilisha nati moja ya kishikio iwe ya ufunguo maalumu, na boneti ifungwe. Kompyuta ya injini, wengine huiita kontroli boksi, kwenye baadhi ya pikapu iko mahali panapofikiwa kwa kuvunja kioo kidogo tu. Muulize fundi iko wapi kwenye yako, na kama inafaa aijengee kizimba cha chuma. Mafuta: mfuniko wa ufunguo, ukijua kwamba mwizi mkaidi hutoboa tangi, hivyo usiache tangi limejaa gari likikaa siku nyingi. Tairi: nati moja ya ufunguo maalumu kwa kila gurudumu, ikazwe kwa mkono na siyo kwa mashine ya upepo, maana ufunguo wake huvunjika. Vioo vya pembeni: chora namba ya gari kwenye kioo chenyewe, na uvikunje ukiegesha.

Ninasafiri wiki tatu na gari linabaki. Nifanye nini zaidi?

Mwachie mtu ufunguo na umwombe alisogeze au hata kuliwasha kila baada ya siku chache. Gari lenye vumbi na majani yaliyoganda kwenye kioo linajitangaza lenyewe. Kuchomoa betri ni wazo zuri kwa gari la zamani, lakini kunazima alamu, na traka itabaki na betri yake ya ndani inayoisha baada ya muda. Afadhali kufuli la kushika gurudumu, lile la chuma la kulikumbatia tairi. Na picha za safari zipandishe mtandaoni ukisharudi.

Nimenunua pikapu iliyotumika. Funguo za zamani ziko wapi?

Hilo ni swali ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii. Mwuzaji akikupa ufunguo mmoja, wa pili uko kwa mtu. Kama gari lina chipu, fundi wa funguo mwenye kompyuta anaweza kufuta funguo zote kwenye kumbukumbu ya gari na kusajili zako tu. Kama halina, badilisha silinda ya kuwashia na za milango. Omba pia swichi yoyote ya siri iliyofungwa na mwenye gari wa kwanza ionyeshwe, kisha uihamishe.

Usiku nimesikia mtu chini ya gari. Nitoke?

Usitoke. Aliye chini ya gari ana msumeno au spana mkononi, na huenda mwenzake yuko kwenye kona anakutazama. Washa taa zote, bonyeza kitufe cha alamu kwenye rimoti, piga kelele ukiwa ndani, piga simu polisi. Hakuna masega wala tairi linalofaa kubadilishwa na uhai wako. Gari linapojazwa mwanga na kelele mara nyingi wanakimbia.

Limeshaibiwa. Saa ya kwanza nifanye nini?

Hakikisha kwanza halijavutwa na mamlaka kwa kosa la maegesho. Kisha polisi, ukiwa na namba ya usajili na namba ya chesisi. Kwenye magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 namba hii ina herufi na tarakimu 17. Kwa hiyo ipige picha leo, uhifadhi kwenye simu pamoja na picha za pande zote za gari na kila alama yake ya pekee: bonde la bampa, kiraka cha rangi, bolti ya sanduku isiyofanana na nyingine. Namba ya usajili hubadilishwa kwa bisibisi, kiraka chako hakibadilishwi usiku mmoja.

Traka ikionyesha lilipo, mpe polisi taarifa hizo na ubaki ulipo. Pita kwa majirani na maduka yenye kamera siku hiyo hiyo, kwa sababu mashine nyingi hufuta picha za zamani zenyewe baada ya siku chache. Ijulishe kampuni ya bima, ukisoma kwanza mkataba unasema nini kuhusu vipuri na mzigo wa kwenye bodi, maana mara nyingi mzigo hauhesabiwi pamoja na gari. Tazama matangazo ya vipuri vya aina ya gari lako kwa wiki kadhaa. Ukikiona chako, nakili tangazo na ulipeleke polisi. Na akipiga simu mtu anayedai anajua gari lilipo na anataka utangulize pesa, mwandikie namba yake afisa aliyepokea kesi yako.